Waja Leo, Waondoka Leo



Akina mama wengi hutuuliza swali moja baada ya ibada, na hata wakiwa kwenye foleni ya kupima presha: "Nesi, mzee wangu anastaafu mwakani. Tukajenge wapi?" Mmoja anataka Mwanza, auone ziwa kila asubuhi. Mwingine anataka Kahama, kwa kuwa biashara ni nyingi. Wapo wanaosema kijijini hawarudi ng'ambo, na ukiwauliza sababu wanainamisha macho. Na wapo wachache wanaoota pwani, penye minazi na upepo wa bahari.

Mwezi huu tutajibu swali hilo kwa kuwasimulia habari za mji mmoja wa pwani ambako ndugu zetu wengi wa Usukuma na Unyamwezi wamezeekea. Mji huo ni Tanga. Tulikwenda huko Agosti 2019, na tuliyoyaona yalitufanya tuone aibu juu ya jambo lililokuwa mlangoni petu.

Bibi na kaka yake

Tuanzie nyumbani, Shinyanga vijijini. Mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani aliolewa katika nyumba yenye mama mkwe mzee. Tutamwita Bibi tu. Mwaka ule wa 2019 alikuwa na umri upatao miaka themanini. Alikuwa mjane, mgongo umepinda, na macho yake yalikuwa mekundu.

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa maana ya macho mekundu. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora, bibi mwenye macho mekundu amekuwa akitajwa kuwa mchawi, na wako waliouawa usiku kwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Habari hizi zimeandikwa magazetini tangu miaka ya 1980. Sisi wauguzi tunajua macho yale yanatoka wapi. Miti ya Shinyanga ilikatwa sana, mingine ili kufukuza mbung'o na mingine ili kupata mashamba ya pamba, hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986 kuirudisha. Kuni zilipokwisha, mama alipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini au sitini. Jicho gani litabaki jeupe?

Lakini Bibi alikuwa na shtaka la pili. Kaka yake, aliyezaliwa mbele yake, aliondoka nyumbani mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akaenda Tanga kukata mkonge. Barua yake ya mwisho ilifika mwaka 1963. Baada ya hapo kimya. Kadiri miaka ilivyopita, wanakijiji walipata maelezo yao: kaka hakupotea, dada yake alimla. Wengine walisema amemfanya msukule, analima mashamba yake usiku. Maneno hayo yalilala kwa muda mrefu. Yaliamka mwaka 2018, watoto wawili wa jirani walipofariki kwa malaria katika msimu mmoja.

Mwenzetu alitueleza haya akilia. Akasema mama mkwe hana ombi jingine ila moja: "Nitafutieni kaburi la kaka yangu."

Wapendwa, hapa inatubidi tuungame. Bibi huyu tulikuwa tukimwona kliniki. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye benchi, na akina mama wenye watoto wachanga wakasogea mbali naye. Sisi tulikuwa zamu. Tuliona, tukanyamaza, tukampa dawa ya kupaka machoni, tukamwita anayefuata. Tulikuwa na cheti ukutani na Biblia mkobani, na hatukusema neno.

Walioitwa manamba

Kabla ya safari tulikaa na wazee kujifunza kwa nini vijana wa wakati ule walikwenda mbali hivyo.

Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf, miche michache iliyosalimika katika safari ndefu kutoka Florida, Marekani, ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea milima ya Usambara. Mkonge, reli na bandari vilikua pamoja, na Tanga ikawa mji mkubwa. Mahali palipokuwa na wavuvi na wafanyabiashara wa misafara pakajengwa hospitali, shule ya Serikali na mitaa iliyonyooka.

Kazi ya mkonge ni ngumu. Jani lina mwiba nchani, na utomvu wake unawasha ngozi. Wenyeji wa pwani, waliokuwa na minazi na mashamba yao, wengi hawakuitaka kazi hiyo ya mwaka mzima. Basi wenye mashamba waliwatafuta watu wa bara. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa miongoni mwa wa kwanza, tangu enzi za Wajerumani. Baadaye, mwaka 1944, wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyoitwa SILABU, ikawatoa watu sehemu nyingi za nchi na hata nje ya mipaka. Mtu alipewa namba, na kwa sababu hiyo wote wakaitwa manamba. Alipewa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. Usipomaliza kazi ya siku, siku ile haihesabiwi.

Kijana wa Usukuma alikwenda kwa nia moja: apate fedha, arudi, anunue ng'ombe, aoe. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilistawi kwetu, na vyama vya ushirika vikaungana mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, hivyo wengi hawakuona tena haja ya kwenda mbali. Lakini katika nyumba yenye wavulana wengi na ng'ombe wachache, Tanga iliendelea kuita. Kaka yake Bibi alitoka katika nyumba ya namna hiyo.

Mji wenye baraza

Tulisafiri wanne: mwenzetu, mwanawe wa kiume, na sisi wawili tuliotumwa na kikundi. Tulipita Singida na Babati, tukalala Arusha, kesho yake tukateremka Moshi, Same na Korogwe. Mkobani tulikuwa na ile barua ya 1963, yenye jina la shamba moja la mkonge lililo njia ya kuingia Tanga. Akina mama wa kanisa la huko walikuwa wameanza kuuliza kwa niaba yetu mwezi mzima kabla hatujafika.

Tanga tuliyoikuta ina barabara pana, na baiskeli ni nyingi kuliko tulivyowahi kuona mjini. Kule Raskazone kuna nyumba za zamani zinazotazama bahari. Ngamiani, ambako watu wa kawaida wanaishi, mitaa ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, mpaka inapita ya ishirini. Nyumba zake zina baraza mbele, na jioni baraza hizo hujaa watu. Wanaume wanakunywa kahawa, akina mama wanasuka ukili na kuzungumza, na anayepita husalimiwa kwa jina. Huu ndio mji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu yake mwaka 1909. Ndio mji ambao vikundi vyake vya taarabu, Black Star na Lucky Star, vilisikika redioni nchi nzima.

Lakini mji huu umepata majonzi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikaenea, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata robo ya yale ya zamani. Viwanda navyo vilizima kimoja baada ya kingine. Kiwanda cha mbolea, tulichosikia habari zake tukiwa shuleni, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijana wa Tanga wakaenda Dar es Salaam. Wazee wakabaki.

Hivyo Tanga ikawa mji wa wastaafu bila mtu kupanga. Watu wa reli, wa bandari, wa viwanda na wa mashamba walipomaliza kazi hawakuwa na mahali pa kwenda. Nyumba ya shamba ilikuwa ya mwajiri, na kwao palikuwa mbali. Wakanunua chumba au kiwanja kidogo mjini, wakakaa. Mji ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na tangu mwaka 2017, lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta kule Chongoleani, shughuli mpya zimeonekana. Bomba hilo linatoka Hoima, Uganda, na njia yake inapita katika mikoa yetu ya Geita na Shinyanga. Njia waliyoishika manamba sasa imepangiwa mafuta.

Tusidhani kila mji wa wastaafu wa pwani uko hivi. Malindi, Kenya, ni mji wa aina nyingine. Waitaliano walifika pale miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo chao cha kurushia roketi baharini, San Marco, kisha wenzao wakafuata kwa ajili ya jua, wakajenga majumba, na wengi wakastaafia hapohapo. Hao walichagua pwani kwa hiari na kwa fedha. Ndugu zetu wa Tanga hawakuchagua. Walisema tu, "Mwakani tutarudi."

Watu wa Tanga wana msemo wao maarufu: waja leo, waondoka leo. Una maana zaidi ya moja. Mzee mmoja alitueleza hivi huku akicheka: "Kila mgeni akishuka hapa husema, nimekuja leo na leo naondoka. Sasa mtazameni, amezaa, ameozesha, na kaburi lake liko hapa."

Mjane wa Barabara za Ngamiani

Karani mstaafu wa lile shamba ndiye aliyekumbuka. Alisema Msukuma yule aliacha mkonge mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenda kubeba mizigo bandarini, kisha akawa mlinzi. Akatupeleka Ngamiani.

Tulipiga hodi katika nyumba ya bati kuukuu yenye baraza iliyopakwa chokaa. Ajuza wa Kibondei alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni, piteni." Mwenzetu alipotaja jina la kijiji chetu, yule mama aliuacha ungo ukaanguka na mchele ukamwagika. Akasema, "Mmechelewa, wanangu. Alikaa akiwangoja."

Kaka yake Bibi alifariki mwaka 2004. Aliacha mke huyu na watoto wanne, mmoja mwalimu na mmoja fundi baiskeli mtaa wa pili. Tuliuliza kwa upole kwa nini hakuandika tena. Mjane akaeleza, na kila neno lake tuliliona ni kweli.

Kwanza, hakujua kusoma. Barua aliandikiwa na karani, na karani alihama. Pili, mwaka 1974 alimwomba mtu mwingine amwandikie. Lakini mwaka ule ndio ule wa Operesheni Vijiji, familia zetu zilipohamishwa zikae pamoja katika vijiji vipya. Barua ilikwenda kwa anwani ya zamani, kwenye mahame. Haikujibiwa, naye akaamini nyumbani wamemkataa. Tatu, na hili ndilo lililomuumiza zaidi, aliona haya. Aliondoka akiahidi ng'ombe. Mkono mtupu haulambwi, na kila mwaka alisema, "Nikipata kidogo, mwakani nitakwenda." Alirudia maneno hayo miaka arobaini.

"Aliugua mwaka mzima," mjane alisema. "Majirani ndio waliomgeuza kitandani. Wa kulia Mdigo, wa kushoto Mnyasa. Siku ya kumzika, Waislamu wa mtaa huu walichimba kaburi la Mkristo. Mimi sikupika siku tatu." Kisha akaleta bahasha. Ndani yake kulikuwa na kipande chake cha zamani, kimechakaa, na picha aliyopigwa studio akiwa na mkewe na mtoto wa kwanza.

Jioni tulikwenda makaburini. Mwenzetu alipiga magoti, akasalimu kwa Kisukuma kama anavyosalimiwa mtu aliye hai. Mwanawe akapiga picha ya msalaba kwa simu.

Usiku ule tulikumbuka methali ya watu wa bahari: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia atakwenda nyuma ya chombo, atakwenda mbele, mwisho atarudi katikati. Sisi wa bara huitumia kusema kwamba kila mtu hurudi kwao. Lakini huyu hakurudi, wala hakufa kama mtu aliyetupwa. Alipata ngama yake mahali pengine, kwa sababu majirani walikubali kuwa ndugu zake.

Na dada yake, aliyebaki kwao, katika ardhi ya baba yake, alikuwa akilala amefunga mlango kwa gogo. Nani kati ya wawili hao alikuwa ugenini?

Habari zilipofika nyumbani

Tuliporudi hatukwenda moja kwa moja kwa Bibi. Tulikwenda kwa mchungaji na kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaomba mkutano. Mchungaji alisita. Alisema mambo ya uchawi kanisa likiyagusa huleta mgawanyiko. Tulimjibu kwa heshima kwamba kunyamaza kwetu kumekwisha kuleta mgawanyiko, na safari ijayo kutaleta jeneza. Akakubali, na siku ya mkutano alisimama mbele yetu.

Bibi alikaa kwenye kiti, mbele ya watu wote. Picha ya studio ilipitishwa mkono kwa mkono, na kipande kikafuata. Wazee watatu waliomfahamu kaka yake ujanani walitazama, wakasema, "Ni yeye." Kisha simu ikapigwa Tanga, sauti ikafunguliwa, na mwalimu yule, mtoto wa marehemu, akamwamkia shangazi yake mbele ya kijiji kizima. Aliyedaiwa kuliwa alikuwa na wajukuu wanaosoma sekondari.

Hatutaki kuwadanganya, wapendwa, kwamba siku ile uchawi uliisha vichwani mwa watu. Wengine waliondoka wakinong'ona. Lakini shtaka moja lilivunjika hadharani, na aliyekuwa akisema kwa sauti akaanza kusema kwa kunong'ona. Hiyo ilimpa Bibi usingizi.

Jambo la pili tulilifanya sisi wauguzi. Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho upande mmoja, na kope zilizojikunja ndani kwa sababu ya ugonjwa wa vikope. Alifanyiwa upasuaji. Tulimjengea jiko nje, chini ya kibanda, lenye kula kuni kidogo. Wekundu ulipungua. Kwenye benchi la kliniki, siku aliyokuja kuangaliwa, tulikaa naye sisi wenyewe, ubavu kwa ubavu, tukazungumza kwa sauti ya kusikika. Mama mmoja kijana akaja akakaa upande wa pili.

Jambo la tatu lilifanywa na kikundi. Tuliandika zamu ya kumtembelea, kila siku mtu mmoja, na si kwa siri. Mtu mwenye wageni kila siku ni vigumu kumvamia usiku. Bibi alifariki mwaka 2023, kitandani mwake, kwa uzee. Mwalimu wa Tanga alikuja kumzika.

Tukajenge wapi?

Sasa turudi kwenye swali. Wasomaji wetu wengi ni wake wa walimu, wa polisi, wa watu wa mgodini. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na tangu wakati ule miji yetu imejaa watu waliokuja leo wakisema wataondoka leo. Tukumbuke kwamba Geita ilikuwa na mgodi mkubwa hata zamani, ukafungwa mwaka 1966. Na Buzwagi, uliofunguliwa Kahama mwaka 2009, nao umekwisha kufunga kazi. Dhahabu huisha, kama mkonge ulivyoanguka. Swali la Tanga linatujia na sisi: kazi ikiisha, utakuwa nani mahali ulipo?

Haya ndiyo tunayowashauri.

Msitafute nyumba kabla ya kutafuta majirani. Mjenge pale mnapojulikana, penye kanisa litakalowaona msipofika ibadani, na penye zahanati mnayoweza kuifikia kwa miguu. Kama ni mjini, anza kuzika na watu wa mtaa wako sasa, ungali na nguvu. Kama ni kijijini, usiende mara moja tu na lori la matofali. Nenda likizo, nenda misibani, watoto wako wajue mashangazi zao. Mstaafu anayerudi kama mgeni tajiri huogopwa, na anayeogopwa hukaa peke yake.

Mama, jina lako liandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakupa haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Kiwanja mlichonunua pamoja kiandikwe majina mawili, mzee angali hai na mnapendana. Mueleze kwa upole kwamba ni kwa ajili ya amani ya watoto. Mkumbuke pia mafao. Kwa mtumishi wa umma umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Hakikisheni michango inapelekwa na majina ya wategemezi yako sahihi kabla ya siku hiyo. Mkulima na mchimbaji mdogo hawana mwajiri wa kuwakata. Wanaweza kujiandikisha wenyewe katika mfuko wa hifadhi ya jamii, kidogo kidogo. Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwapa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi. Bara tuna sera ya wazee tangu 2003, inayosema wazee wasiojiweza watibiwe bure. Wapelekeni wakaandikishwe, wapate vitambulisho.

Mtafuteni aliyepotea. Karibu kila ukoo wa kwetu una mtu aliyekwenda Tanga, Mwadui, Nyarugusu au Dar es Salaam akanyamaza. Kimya chake kinaweza kumuua mtu aliyebaki. Nanyi wenye wana machimboni, waambieni hivi: hatuhitaji ng'ombe. Piga simu. Njoo mkono mtupu, tutaulamba hivyohivyo. Haya ya umaskini ilimzuia mtu mmoja miaka arobaini, na fedha aliyoiona haitoshi ingetosha nauli.

Mwisho, mtazameni bibi wa jirani. Macho yakiwa mekundu, ni moshi, ni vikope, ni mtoto wa jicho, au ni machozi. Mpelekeni kwa daktari wa macho mapema. Msimtie majani machoni wala dawa ya mtu mwingine. Na mkisikia jina lake linatajwa vibaya kisimani au sokoni, msicheke, wala msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwambieni mwenyekiti, mchungaji na polisi siku hiyohiyo.

Tunamkumbuka Naomi, aliyetoka Bethlehemu wakati wa njaa, akarudi mjane, mikono mitupu, akijiita mwenye uchungu. Wanawake wa mji ndio waliompokea, na wao hao, tunasoma, ndio waliompa jina mtoto wa Ruthu. Mji mzuri wa kuzeekea unajengwa na wanawake wa namna hiyo. Upepo wa bahari ni mtamu, lakini haumgeuzi mgonjwa kitandani. Na katika Zaburi ya 71 mzee anamwomba Mungu asimwache nguvu zinapomwishia. Mara nyingi Mungu humjibu mzee huyo kwa kumtuma jirani. Wiki hii, kabla hamjaenda kuangalia kiwanja, chagueni mzee mmoja wa mtaani kwenu. Mwende mkae naye, mchana, barazani, watu wakiona.

Bwana awalinde na kuzibariki nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao.